Uzoefu wangu na chama cha wanakemia: mwanafunzi wangu alinyimwa maiki

Nimesubiri wiki kadhaa nikidhani nitapoa, sijapoa, kwa hiyo acha niandike. Jina la chama silitaji, ni chama cha wanataaluma wa kemia, na waliokuwepo siku ile ukumbini wanajua ninaongelea nini. Kama wewe ni mwalimu wa kemia na unafikiria kuwapeleka wanafunzi kwenye siku yao ya mwaka, nisome kwanza kabla hujakodi gari.

Nafundisha sekondari ya kata huku Meru, Arusha, ukanda wa chini, kule ambako mtoto aliyezaliwa na kukulia hapa unamjua akicheka. Meno ya kahawia, mengine yameliwa liwa kingo, yote ni floraidi ya kwenye maji. Mlima wetu ni wa volkano, maji yanapita kwenye yale mawe miaka na miaka yanaibeba. Shirika la Afya Duniani (WHO) wanasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, Tanzania kwa muda mrefu tulikua tunaruhusu mpaka 4 kwa sababu kuna sehemu maji mengine hamna, alafu na sisi tukaja kushusha mpaka 1.5, ila kisima hakisomi viwango. Na jino linaharibikia ndani ya fizi wakati linajijenga, mtoto akiwa bado mdogo, ndo maana mimi niliyekuja huku kikazi nikiwa mtu mzima meno yangu yapo vilevile, na wanafunzi wangu wanayaangalia nikiwa nafundisha, nawaona kabisa wanavyoyaangalia.

Sasa tangazo likaja kwenye grupu la WhatsApp la wanachama. Mimi ni mwanachama, ada nalipa mwenyewe kwenye mshahara wa mwalimu, hakuna anayenirudishia. Mada ya mwaka ilikua maji salama, wakaandika walimu mje na wanafunzi, wakaandika na sampuli za maji zitapimwa bure mezani. Aisee nilifurahi. Wazazi wakachanga, mkuu wa shule akaongezea kidogo, tukakodi Noah mbili.

Kabla ya safari niliwafundisha vizuri ili wasiende kushangaa tu. Shuleni tuna mtungi wa kuchuja, tuliletewa zamani na wafadhili, ndani una chengachenga za mifupa ya ng'ombe. Mifupa inachomwa tanuruni kwa nyuzi joto mia nne mpaka mia tano hivi bila kuipa hewa nyingi, ikiiva kidogo maji yananuka, ikipitiliza inakua nyeupe na haishiki kitu tena. Kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto hapo jirani wamehangaika na hii kazi miaka mingi. Kinachofanya kazi ni madini yenyewe ya mfupa, yanaachia haidroksaidi yanakamata floraidi. Nikawaambia pia kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua floraidi inabaki palepale, kwa hiyo ukichemsha sana ndo unaizidisha. Na magadi tunayotia kwenye makande na maharage nayo mara nyingi yanakuja na floraidi yake. Hapo darasa zima likanyamaza, maana nani hapa hajala makande ya magadi.

Binti mmoja wa kidato cha tatu, mkimya, anakaa dirishani, akanyoosha mkono. "Madam, hizo chengachenga zikishajaa floraidi, tutajuaje kama zimejaa?"

Niliposikia lile swali mwili ulinisisimka. Kwa sababu ndo swali lenyewe. Maji hayabadiliki rangi, hayabadiliki ladha, mtungi unaendelea kutoa maji masafi kwa macho na wewe unaendelea kunywa. Jibu ni kupima, na sisi cha kupimia hatuna, maabara yetu ina bureti tatu, yale mabomba ya kioo ya kupimia vimiminika, na POP, ile indiketa ya kubadilika rangi kwenye alkali, ya kuombaomba shule jirani. Nikamwambia hilo swali lihifadhi, utawauliza wataalamu siku ile. Akaliandika kwenye kaunta buku lake ukurasa wa mwisho. Siku za kuelekea safari nilikua nikipita nyuma ya darasa nasikia wenzake wanamsikiliza analisema, wanamrekebisha, sema kwa sauti, usiangalie chini. Mimi ndiye niliyemwambia akaulize, shikeni hapo.

Siku yenyewe asubuhi ilienda vizuri, sitasema uongo. Mapokezi walikua wakarimu, watoto walipewa chai na sambusa kama watu wengine. Mgeni rasmi alichelewa, hilo limeshakua kawaida, nalipita.

Alafu ikaja mada ya floraidi. Mtoa mada kijana msomi, anaijua kazi yake, lakini slaidi ya kwanza kabisa ilikua mdomo wa mtoto umefunuliwa na vidole, picha kubwa ukuta mzima, meno yale yale. Akasema kwa Kiingereza kwamba hii ni hali mbaya sana, akapita slaidi nyingine, mdomo mwingine. Wanafunzi wangu wapo mstari wa nyuma. Niligeuka kuwaangalia, wote wamefunga midomo, mmoja ameweka daftari usoni. Ile ni midomo yao. Pale ukumbini hakuna aliyegeuka nyuma kuona kwamba wenye hiyo hali wamekaa humuhumu wanasikiliza. Bado nikajipa moyo, nikasema huyu ni mwanasayansi anaonyesha data, hana ubaya, maswali yakifika atawaona.

Maswali yakafika. Binti akasimama. Alisimama, jamani, baada ya zile picha, na kaunta buku lake mkononi. Kijana wa maiki akaanza kumfuata. Mwenyekiti wa kikao kule mbele akasema, nanukuu kama nilivyosikia na masikio yangu, "Hapana, hapana, maswali ni ya wanachama. Watoto wamekuja kujifunza, wasikilize kwanza." Watu wachache wakacheka, kile kicheko cha kumheshimu mkubwa. Kijana wa maiki akageuka. Binti akabaki amesimama sekunde kadhaa hajui akae au aendelee, alafu akakaa, na mkono ukaenda mdomoni.

Nikasimama mimi. Nikasema mheshimiwa mwenyekiti mimi ni mwanachama, naomba mwanafunzi wangu atumie nafasi yangu. Akaniambia mwalimu tusaidiane muda, tuko nyuma ya ratiba. Maiki ikapelekwa kwa mzee mmoja mwenye suti mstari wa pili, na yule bwana hakuuliza swali. Alishukuru kamati ya maandalizi, akamshukuru mgeni rasmi, akakumbushia enzi zao chuoni, akapendekeza mwakani kuwe na fulana. Muda wa fulana ulikuwepo.

Hapo ndo niliposema basi. Nilitoka nje nikiwa natetemeka, nikapanga kuwapakia watoto turudi nyumbani, na kama ningeandika siku ile ningeandika neno moja tu, msiende. Na mpaka leo kuna nusu yangu inayosema hivyo.

Lakini kuna mzee alinifuata. Mzee kabisa, mtaalamu wa maabara aliyestaafu, alikua amewekwa kwenye meza ya maonyesho na mashine ya kupimia. Watoto wakamwamkia, akawaitikia marahaba mmoja mmoja, alafu akamwambia binti, "Mwanangu, nililiona kaunta buku lako. Nisomee." Akasoma, sauti inakatika. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, maji mmekuja nayo? Tulikua nayo, chupa mbili, moja ya bombani kabla ya mtungi na moja baada ya mtungi. Akaziangalia akasema mmefanya vizuri mmetumia plastiki, floraidi haihifadhiwi kwenye glasi. Mimi ndiye niliyewafundisha hivyo, ila kulisikia kutoka kwake mbele ya watoto wangu kulinipa nguvu sijui nielezeje.

Watu walikua wameenda kula. Yeye akaacha chakula. Akawapanga watoto kuzunguka meza, akawaonyesha elektrodi ya floraidi, kile kifimbo cha mashine kinachoisoma, akamruhusu binti mwenyewe ashike pipeti. Akawaeleza kwanini inatiwa ile myeyusho ya bafa kwanza, kwamba floraidi nyingine inakua imeng'ang'aniana na aluminiamu kwenye maji na elektrodi haiioni, bafa inaiachanisha ndo inasomeka. Akaanza na myeyusho anazojua kiwango chake, kisha maji yetu. Kimya, hata wale watundu wangu wawili kimya.

Maji ya bombani yalisoma miligramu 7.1 kwa lita. Maji yaliyopita kwenye mtungi yalisoma 6.4.

Akarudia mara ya pili, ikaja ileile. Akamgeukia binti akamwambia, "Umeuliza mtajuaje. Hivi ndivyo mnavyojua. Zimejaa, na zimejaa siku nyingi." Alafu akaeleza zinaweza kuoshwa na soda kali (caustic soda) zikafufuka lakini sio kazi ya kufanyia shuleni bila vifaa, bora kubadilisha, na kila zikibadilishwa pima mwanzoni, pima tena kila baada ya muda, andika, siku namba ikianza kupanda unajua zinaelekea kujaa. Watoto waliandika kila neno. Nilikua namwangalia yule binti, mkono umetoka mdomoni, anauliza la pili na la tatu, anacheka na mzee, meno yake yote nje.

Sasa hapa ndo naposhindwa kutoa hukumu moja. Kwa sababu kama ningekua mtu wa haki tu ningesema chama hiki kina watu wa dhahabu, na kweli kinao. Mwaka mmoja nyuma walitufanyia semina walimu ya kufanya taitresheni, yaani kupima asidi au alkali tone kwa tone, bila bureti, unatumia bomba la sindano na unahesabu matone, na indiketa ni maji ya rozela, yale yale ya juisi, yanakua mekundu kwenye asidi na yanageuka rangi ukitia alkali. Ile semina imebadilisha darasa langu. Kila mwanafunzi sasa anashika kitu mkononi badala ya watu hamsini kuchungulia bureti moja. Tarehe 23 Oktoba wanatukumbusha Siku ya Moli, kile kipimo cha kuhesabia chembe kwenye kemia, wanatuma chemsha bongo, darasa langu linaisubiri kuliko mechi. Mwaka 2019, uliokua mwaka wa kimataifa wa jedwali la elementi, ndo walinifanya nijiunge. Hayo yote ni ya kweli na nawashukuru kwa moyo wote.

Ila kila nikifika hapo kwenye shukrani hasira inarudi, tena imekua, kwa sababu ya zile namba mbili. 7.1 na 6.4. Watoto wangu wamekua wanakunywa kwenye ule mtungi wakiamini umechujwa, na wanaonyweshwa na imani hiyo ni pamoja na wadogo wa shule ya msingi tunaochangia nao uwanja, hao ambao meno yao bado yanajengeka. Swali lililozuiwa pale ukumbini halikua swali la mtoto aliyekuja kujifunza. Lilikua na thamani kuliko ile mada yote ya asubuhi, na mada yenyewe ilikua inahusu yeye. Mnaitaje siku ya maji salama alafu anayekunywa yale maji mnamwambia asikilize kwanza?

Nililiandika hilo kwenye grupu usiku uleule, bila matusi, nilichagua maneno. Nikajibiwa na msimamizi malalamiko yapelekwe kwa katibu kwa maandishi. Katibu alinipigia siku kadhaa baadaye, kwa heshima tu, akasema pole mwalimu, muda ulikua finyu, mwenyekiti hakumaanisha. Nikamuuliza, mwenyekiti mwenyewe anaweza kuja shuleni kumwambia binti kwamba hakumaanisha? Hata dakika tano. Akasema atalifikisha. Mpaka naandika hapa hakuna aliyekuja, na yule mwenyekiti hajanitafuta.

Aliyekuja ni mzee. Alipanda Hiace mwenyewe mpaka kwetu, amebeba begi lake, akakaa na mkuu wa shule wakaangalia mtungi, tukaufungua. Chengachenga za kuanzia zimeagizwa, wazazi wamechanga tena, sio hela nyingi. Maji ya kunywa kwa sasa tunavuna ya mvua, tumetenga tenki moja la shule ya msingi na halitumiki kwa kitu kingine.

Kwa hiyo mkiniuliza niwapeleke wanafunzi? Nenda kwenye semina zao za walimu, hizo bila kufikiria mara mbili. Siku ya mwaka, nenda na sampuli zako, ruka ukumbi, nenda moja kwa moja kwenye meza za nje. Au usiende kabisa, sijui, kuna siku naamka nasema hivyo na kuna siku nasema tujazane mle ndani watoto mia mbili mpaka maiki itufuate yenyewe. Kamati kama mnasoma, tengeni kipindi cha maswali ya wanafunzi, kiandikwe kwenye ratiba, na kianze kabla ya mgeni rasmi.

Ada ya mwaka huu bado sijalipa. Kontrol namba ipo kwenye simu, naifungua naifunga. Mkaa mpya wa mifupa, zile chengachenga, unafika wiki ijayo, na maji ya kwanza yakitoka mtungini tunampelekea mzee. Binti ameshachora jedwali la vipimo kwenye kaunta buku lake, mstari wa kwanza ameandika 7.1 na 6.4, tarehe pembeni.