Vitabu vya Kay Redfield Jamison, nilivyovisoma nikiwa na mgonjwa nyumbani

Jamison ni mwanasaikolojia, profesa katika chuo cha tiba cha Johns Hopkins huko Marekani. Mwaka 1990 yeye na Frederick Goodwin walitoa kitabu kinene cha kitaalamu kuhusu ugonjwa ambao siku hizi wengi wanauita bipola: mtu anapanda mpaka hapati usingizi, kisha anashuka mpaka kuoga kunamshinda. Mwaka 1995 akatoa An Unquiet Mind, akasema waziwazi kwamba ugonjwa anaoufundisha anao mwenyewe. Hapo ndipo pa kuanzia. Vingine vinaweza kusubiri.

Sehemu ya manunuzi niliisoma nikicheka, halafu nikaacha kucheka. Alipokuwa amepanda alinunua vifaa vya kumtibu aliyeumwa na nyoka, tena vingi, akiamini ni jambo la dharura. Bili zilipomiminika, kaka yake alikaa naye wakazipanga, akakopa ili zilipwe. Kwetu ilikuwa mahindi. Mdogo wangu aliuza magunia yote ya msimu pale Uyole, akarudi na spika za harusi na viatu visivyomtosha mtu yeyote nyumbani. Mama alisema karogwa. Shemeji akasema bangi. Neno ugonjwa halikutoka mdomoni mwa mtu.

Ila kilichonishika zaidi ni kurasa za dawa. Yeye alipewa lithiamu. Kwa elimu yake alijua kuliko wengi kwamba inafanya kazi, na bado alikuwa akiiacha. Ilimletea kichefuchefu, mikono ikatetemeka, na kwa miaka kadhaa kusoma kukawa shida kwake, mtu ambaye kazi yake ni kusoma! Halafu kuna jambo ambalo mgonjwa wetu hajawahi kututamkia: Jamison alizitamani zile siku za kupanda, ile kasi na ile raha, akahisi dawa inamnyang'anya. Nyumbani kidonge kikikutwa chini ya godoro huitwa kiburi. Siku hizi mimi huuliza kwanza kinamfanyaje. Siku nyingine hunijibu, siku nyingine ananuna. Kabamazepini, dawa anayotumia yeye, anasema inampa usingizi mchana akiwa dukani. Tulilipeleka hilo kwa daktari kliniki badala ya kugombana sebuleni.

Kuna mahali sikubaliani naye. Mwishoni anasema kwamba lithiamu ikiwepo na ikimfaa, akiambiwa achague, angeuchagua ugonjwa huu. Sababu anazitoa, wala hazungumzi kwa wepesi. Lakini huyo ni mtu ambaye wakubwa wake kazini walipoambiwa hawakumfukuza. Mdogo wangu akipata nafuu anakuta wateja wamehama na mchumba yuko Makambako na mwingine.

Touched with Fire, cha 1993, kinahusu washairi na wasanii waliokuwa na hali hii. Nilichoka nacho. Byron, mshairi wa Kiingereza wa zamani, amepewa nafasi kubwa mno, na kama hukulelewa na mashairi ya Kiingereza utawaona wote hao wageni. Tena naogopa kijana wa studio hapa Mwanjelwa asije akakishika kama kisingizio cha kukataa dawa, wakati mwandishi mwenyewe anatetea matibabu.

Night Falls Fast, cha 1999, ni juu ya kujiua, na anayeandika aliwahi kujaribu mwenyewe. Kizito, lakini kwa utafiti ndicho kilichoshiba kuliko hivi viwili. Anaonyesha jinsi magonjwa ya akili yanayotibika yanavyosimama nyuma ya vifo vingi vya aina hiyo, vifo ambavyo msibani watu huvitaja kwa kunong'ona. Kisome wewe unayeuguza, ukiwa na nguvu. Aliyeshuka usimwekee mezani.

Kiingereza chake si cha kubabaisha, kamusi weka karibu. Cha kwanza kilikuja na basi kutoka Dar, nakala ya mtumba, na pamoja na nauli ya mzigo hakikufika shilingi 40,000. Viwili nilisomea kwenye simu. Sehemu ya manunuzi nilimsimulia mama kwa Kiswahili tukiwa tunachambua maharage. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na huyo profesa aliolewa?" Nikamwambia ndiyo, na daktari, Richard Wyatt, aliyefariki mwaka 2002, na kuna kitabu kingine juu yake. Akataka kujua kama huyo mume alijua habari za ugonjwa kabla ya ndoa au aliambiwa baadaye.