Starlet yangu ya kwanza imerudi sokoni: ningeichukua tena?

Ijumaa moja baada ya swala, fundi wangu wa Makorora, hapa Tanga, alinitumia picha kwenye simu. Hakuandika salamu wala maelezo. Starlet nyeupe, imeegeshwa chini ya mwembe, boneti wazi. Nikaikuza ile picha mpaka kwenye kioo cha nyuma, nikaona alama za gundi, mstari mrefu wa herufi zilizobanduliwa. Herufi hizo nilizibandika kwa mkono wangu mwaka 2010: WEMA HAUOZI. Ni maneno ya kanga ambayo mauzo yake yalinilipia nusu ya bei ya gari lile.

Nikampigia. "Dada, ipo Pongwe, inauzwa. Mwenyewe anataka milioni tatu na laki mbili. Nikaona nikwambie kabla madalali hawajaishika."

Jumapili nikaenda kuiona. Nimeiendesha kwa saa nzima, nimelala chini yake, nimeinua mazulia. Kwa hiyo naandika kama mtu aliyewahi kuimiliki miaka mitano, akaiuza, akakutana nayo tena.

Kwa waliokulia kwenye IST na Passo: Starlet ni gari dogo la Toyota lililokuwepo tangu miaka ya 1970 hadi 1999, Vitz ilipochukua nafasi yake. Hii yangu ni EP82, toleo lililotoka mwishoni mwa 1989 na kudumu mpaka EP91 ilipoingia mwanzoni mwa 1996. Urefu wake ni mita 3.72, upana mita 1.6, uzito haufiki kilo 850. Injini ni 4E-FE ya cc 1,331, valvu 16, mafuta yanapulizwa na nozeli, haina kabureta. Gia tano za mkono. Vioo unazungusha kwa mkono pia. Mifuko ya hewa haina, na hilo nitalirudia.

Niliinunua kwa shilingi 3,900,000. Nusu ilitoka kwenye mzigo wa kanga niliouza Ramadhani ile kuelekea Idi, nusu ya pili ilikuwa zamu yangu ya upatu. Kabla ya hapo nilikuwa napanda basi la alfajiri kwenda Kariakoo, narudi na mzigo kwenye buti la basi, naulipia kama abiria wa pili, nafika Tanga usiku naanza kutafuta mkokoteni wa kunifikisha Barabara ya 9. Mvua ikinyesha, kanga za juu zinalowa, na kanga iliyolowa kabla haijauzwa mteja wa Tanga haigusi.

Siku nilipoileta nyumbani mama alilizunguka gari mara moja tu. Akagonga bati la mlango kwa kidole, akasikiliza mlio wake. "Mwanangu, hili bati ndilo litakalokukinga na malori ya Chalinze?" Nilimwambia Mungu ndiye mkingaji. Akanyamaza, akaingia, akakaa kiti cha mbele kama bibi harusi.

Miaka ile mitano nilikuwa natoka Tanga saa tisa usiku, Muheza kungali giza, Segera nakunja kushoto, na saa tatu asubuhi nipo Kariakoo natafuta pa kuegesha. Ni kama kilomita 350. Nilikuwa napima mafuta kwa daftari, kila safari: kilomita 15 mpaka 16 kwa lita barabara kuu, mjini 12. Maana yake lita 23 zilinifikisha. Kwa bei za mafuta za leo, hesabu hiyo bado inaniuma moyo, kwa sababu Probox niliyonayo sasa inakula zaidi, ingawa inabeba zaidi pia.

Mzigo nao. Watu wakiona udogo wa Starlet wanadhani ni ya kupeleka mtoto shule. Laza kiti cha nyuma uone. Nimepakia korija 12 za kanga na majora manne ya kitambaa cha suruali, nikafunga buti bila kamba. Nyuma ilikaa chini kidogo, nikajaza upepo zaidi kwenye tairi, tukaondoka. Ilikuwa haipandi milima kwa hasira ikiwa imejaa, lakini gia ya tatu ilikuwa inaikokota bila kulalamika, na kwenye mteremko wa Wami ile gia ya pili ilikuwa inashika gari kama mtu kakushika mkono. Waliopita daraja la zamani la Wami wanakumbuka: jembamba, gari moja moja, unashuka bondeni huku lori linakuhemea nyuma, unaomba wa upande wa pili akuone. Sasa kuna daraja jipya, pana. Starlet yangu ililijua lile la zamani tu.

Nililolipenda kuliko yote ni kwamba gari lile lilikuwa linaeleweka. Ukifungua boneti unaona mpaka ardhini. Plagi unazifikia bila kufungua kitu kingine. Mwaka 2012 hozi ya rejeta ilipasuka karibu na Kabuku, mshale wa joto ukapanda, nikazima papo hapo. Aliyenisaidia alikuwa fundi wa baiskeli. Alikata mpira wa ndani wa tairi, akaufunga mizunguko mingi kwenye hozi, akakaza kwa waya, tukasubiri injini ipoe, tukajaza maji ya dumu. Nikafika Tanga mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Niliporudi wiki iliyofuata kumpelekea shukrani, aliniuliza kwanza hali ya gari, ndipo akaniuliza hali yangu.

Probox ikinisumbua leo, kinachowaka ni taa kwenye dashibodi, na kabla ya fundi kushika spana lazima kwanza atafutwe mwenye mashine ya kusoma. Simlaumu mtu. Ila nimeona tofauti.

Basi, Pongwe. Mwenye gari ni mzee mstaafu, mpole, aliniita "binti" ingawa nina miaka 43. Akanipa ufunguo bila maswali. Nikakaa. Mguu wangu wa kushoto ulikumbuka klachi kabla sijafikiri. Inashika juu, karibu na mwisho, kama zamani. Gia ya pili bado haitaki kuharakishwa: unatoka ya kwanza, unapumzika kidogo kwenye nyutro, unaiingiza. Ukiilazimisha inasaga. Nilikuwa nimesahau jambo hilo kwa miaka kumi, na mkono wangu haukusahau.

Usukani ni wa kawaida, hauna pawa, lakini gari ni jepesi hata huoni shida. Vioo vikubwa, nguzo zake nyembamba, unaona kila kona. Magari ya sasa yana nguzo nene zinazoficha bodaboda mzima. Kwenye vichochoro vya Ngamiani, penye mikokoteni, watoto na mabenchi ya kahawa, sijaendesha gari linalonipa utulivu kama lile. Linageuka mahali ambapo Probox inarudi nyuma mara mbili.

Sasa ubaya, na nausema wote, kwa sababu kuna mtu atasoma hapa akiwa na milioni tatu zake mkononi.

Nilipoiuza mwaka 2015 kilomita zilikuwa 231,000. Nina daftari. Sasa dashibodi inasoma 164,000. Nilimwonyesha mzee, akashtuka kweli. Yeye aliinunua mwaka 2021 ikisoma 140,000 na ushee, akaamini. Katikati yetu kuna mmiliki mmoja au wawili, na mmoja wao alibadilisha geji nzima au aliirudisha nyuma. Ukinunua gari la umri huu, usisome kilomita. Soma pedali ya klachi ilivyolika, soma ngozi ya usukani, soma kiti cha dereva. Na mkanda wa taimingi uhesabu kwamba haujabadilishwa, hata kama umeapiwa. Injini hii inatumia mkanda, na hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kwa namba za uongo nani ajue ni lini?

Injini inaanza kula oili. Asubuhi ikiwashwa inatoa moshi wa buluu kwa dakika moja, kisha unakata. Fundi anasema ni sili za valvu, si ringi za pistoni, na nikikanyaga mafuta njiani moshi haurudi, kwa hiyo namwamini. Kompresa ya kiyoyozi imetolewa, imebaki mabano tu. Shokapu za nyuma zimekufa. Bushi za mbele zinagonga. Hayo yote ni laki tano, laki sita, na spea zipo: nyingi za mtumba, nyingine mpya za bei ya chini ambazo mimi kwa breki siziwekei imani. Kwa breki nunua kizuri, hata kama utalala na chai kavu.

Tatizo kubwa ni bati. Gari limekaa miaka zaidi ya 20 karibu na bahari, na chumvi ya Tanga haina huruma. Niliinua zulia la upande wa dereva nikaona nyasi. Nyasi kabisa, za kijani, kupitia tundu la ukubwa wa sarafu. Pembeni ya tundu, bati linabonyea kwa kidole gumba. Chini ya kizingiti cha mlango wa nyuma kuna tabaka la rangi mpya, na ukigonga mlio ni mzito: ni pati ya kuzibia, bati halipo. Fundi wa bodi niliyempelekea picha alitaja milioni moja na laki nne, kukata na kuchomelea, bila rangi.

Na hapo ndipo nilikumbuka usiku wa 2013. Tulikuwa tunarudi, mimi na mama na mwanangu wa kwanza akiwa na miaka minne, kati ya Mbwewe na Mkata. Lori lilitoka nyuma ya lenzake kulipita, taa zote juu, likaja upande wetu. Nilitoka nje ya lami. Tukapita kwenye majani marefu, kitu kikagonga chini, gari likasimama limeinama. Hakuna aliyeumia. Lori halikusimama. Mama hakusema neno mpaka Segera, na mimi nilijua anafikiria lile bati aliloligonga kwa kidole. Ikiwa tungegongana, kati yetu na lile lori kulikuwa na nini? Boneti fupi, mlango mwembamba, mkanda wa kiti. Wakati EP82 inachorwa, magari madogo ya bei yake ndivyo yalivyokuwa. Miaka miwili baadaye niliiuza, na watu nikawaambia nahitaji gari la mzigo. Sababu ya kweli ni ule usiku.

Kwa hiyo anayeniuliza kama anunue Starlet ya EP82 leo kwa safari za Dar, namjibu hapana, na nikikujua nitakuzuia. Probox yangu ina mifuko ya hewa miwili na breki zisizofunga tairi zikikanyagwa kwa ghafla, na sitarudi nyuma ya hapo nikiwa na watoto ndani. Kama moyo wako umeshaingia kwenye Starlet, tafuta EP91 ya mwisho mwisho, zilizokuja na mifuko ya hewa, ukague bati lake kwa sumaku. Toka nje ya pwani ukaitafute. Iliyokaa Dodoma au Singida ina sakafu nzima, hata kama rangi yake imepauka.

Kwa mjini je? Kupeleka nguo kwa wateja Chumbageni na Raskazone, kwenda sokoni, kumfundisha binti yangu gia za mkono ili asije akashindwa kuendesha gari la mtu siku ya dharura? Kwa hayo sijaona gari la bei hiyo linalolipita. Kuagiza jingine la umri huo kutoka nje haiwezekani kihesabu, ushuru wa uchakavu peke yake utakukatisha tamaa. Zilizopo nchini ndizo hizo hizo, na kila mwaka chumvi inazipunguza.

Nilirudisha ufunguo. Mzee akaleta kahawa, tukakaa chini ya mwembe, nikamwonyesha kila kasoro niliyoiona, hata ile ya kilomita, na nikamweleza kwa nini gia ya pili isisukumwe. Akacheka, akasema miaka yote hiyo alidhani gia imekufa, akawa anaruka kutoka ya kwanza kwenda ya tatu. Nikamtajia bei yangu: milioni moja na laki nane, na kazi ya bati juu yangu. Nikamwambia pia kwamba nikiichukua itabaki mjini, haitavuka hapa Pongwe kwenda Muheza hata siku moja, na ile gundi kwenye kioo sitaifuta, nitabandika herufi mpya juu yake.

Akasema, "Binti, nipe mpaka Alhamisi, niongee na wanangu." Leo ni Jumanne.