Angekuwa Arusha Angekula Thelathini? Tathmini ya Hospitali, Dawati na Mahakama kwa Mwanafunzi wa Chuo

Kila ikitajwa ile kesi ya Stanford, ya mwanafunzi wa Marekani aliyemshambulia mwanamke kingono akafungwa miezi tu, iwe hosteli za Njiro au kibanda cha chai nje ya geti la chuo Moshi, hakosekani wa kusema: huyo angekuwa Arusha angekula thelathini, yaani miaka 30 jela. Kauli inapendeza, na nusu yake ni kweli. Hapa tunapima hiyo nusu nyingine: huduma anayopewa mwanafunzi wa chuo aliyebakwa au kushambuliwa kingono, tangu hospitali hadi siku ya hukumu. Nyota ni kati ya tano, na zinapimwa kwa huduma yenyewe, hakuna jengo wala mtu anayepewa nyota hapa.

Kwanza kesi yenyewe, maana wengi wanaisimulia kwa kukisia. Brock Turner, mwanafunzi na muogeleaji wa Chuo Kikuu cha Stanford, California, alikuwa na miaka 19. Januari 2015 wanafunzi wawili raia wa Sweden waliokuwa wakipita kwa baiskeli walimkuta juu ya mwanamke aliyepoteza fahamu, wakamkamata. Machi 2016 alitiwa hatiani kwa makosa matatu. Adhabu ingeweza kufika miaka 14. Mwendesha mashtaka akaomba 6. Jaji Aaron Persky akatoa miezi 6 katika jela ya kaunti na miaka 3 ya uangalizi, na kijana akatoka baada ya miezi 3. Barua aliyoisoma mwathirika mahakamani ilisomwa na mamilioni. 2019 akajitambulisha mwenyewe kuwa ni Chanel Miller. Hasira zile hazikuishia kwenye simu. Mwaka huohuo wa 2016 California ilibadili sheria ili anayemshambulia kingono mtu asiyejitambua asiepuke gereza, na Juni 2018 wapiga kura wakamvua Persky ujaji.

Sasa tuhamishe mafaili yake tuyalete Arusha. Turner hakuhukumiwa kwa kubaka. Mashtaka hayo yaliondolewa. Alikutwa na hatia ya kushambulia kwa nia ya kubaka, na ya kumwingiza mwathirika kitu kisicho uume. Kwa Kanuni ya Adhabu yetu, kama ilivyorekebishwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, kujaribu kubaka kunabeba kifungo cha maisha, na kwa kawaida kisichopungua miaka 30. Kuingiza kidole au kifaa ni kosa jingine, miaka 15 hadi 30, pamoja na viboko na fidia. Hapo wale wa kibanda cha chai wana haki yao.

Lakini ipo sentensi wasiyoitaja. Kifungu cha 131 kinasema mvulana wa miaka 18 au chini, akiwa ni kosa lake la kwanza la kubaka, adhabu yake ni viboko tu. Viboko, basi, anarudi nyumbani. Vyuo vya Arusha na Moshi vimejaa vijana wa cheti na diploma wenye umri huohuo. Hatujawahi kuona watu wakiandamana kwa ajili ya sentensi hiyo.

Na kwa aliyevuka 18, hakimu wetu hana nafasi ya kumwonea huruma kama alivyofanya Persky. Akishamtia hatiani kwa kubaka, 30 ndiyo sakafu. Ulegevu wetu uko mapema zaidi, kabla hakimu hajafungua mdomo.

HOSPITALI: nyota 4

Huduma bora kuliko zote ziko hapa, kama utafika mapema. Saa 72 ndizo zinazohesabiwa. Ndani ya muda huo unaanzishiwa dawa za kuzuia VVU, zinazomezwa siku 28 bila kuruka, nazo hufanya kazi vizuri zaidi zikianza saa za mwanzo. Vidonge vya kuzuia mimba vya dharura hufaa hadi siku 5, ila kila siku inayopita vinapungua nguvu. Upo pia uchunguzi wa magonjwa ya zinaa na chanjo ya homa ya ini aina B. Kipimo cha VVU cha siku ya kwanza kinaonyesha hali ya kabla ya tukio tu. Ni lazima kurudi baada ya wiki 6 na tena baada ya miezi 3. Wengi hupotea katika marudio haya, kwa kuwa yanaangukia kwenye mitihani au likizo.

Usioge, usipige mswaki kama mdomo ulihusika, usifue. Nguo zitiwe kwenye mfuko wa karatasi au bahasha ya kaki, kila nguo na yake. Mfuko wa plastiki unafungia unyevu, ukungu unaota, na chembe za vinasaba zinaharibika. Kama nguo imelowa, ianikwe kivulini kwanza.

Kuna maneno yanayozunguka kwamba bila PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, hutibiwi. Tiba haingoji karatasi. Unaweza kutibiwa kwanza, fomu ikafuata. Na penye kituo cha mkono kwa mkono, polisi, daktari na ustawi wa jamii wako chini ya paa moja, hivyo huzungushwi. Fomu yenyewe ni bure. Ukiombwa hela ya kudurufu, durufu mwenyewe nje.

Nyota moja tumeikata kwa jambo dogo lenye madhara makubwa: anayejaza PF3 mara nyingi ni daktari wa mafunzo, ambaye mwaka ukiisha yuko mkoa mwingine. Ikifika zamu yake ya kutoa ushahidi, samansi inatafuta mtu asiyepatikana. Jina kamili na namba ya usajili viandikwe kwa herufi zinazosomeka. Mwandiko wa daktari ni mzaha wa siku zote, lakini mahakamani hauchekeshi.

DAWATI LA JINSIA: nyota 3

Omba Dawati la Jinsia na Watoto tangu kaunta, usianze kusimulia mbele ya foleni. Utapewa namba ya RB, yaani ya kitabu cha taarifa cha polisi; iandike kwenye simu na mahali pengine, kwa sababu kila ufuatiliaji wa jalada unaanzia hapo. Chuo chako kikiwa na dawati lake la jinsia, litumie kwa msaada na ushauri, lakini lisichukue nafasi ya polisi. Kamati ya nidhamu inaweza kumfukuza mtu chuo. Haiwezi kumfunga.

Maelezo ya kwanza ndiyo moyo wa kesi, na kesi nyingi zinaugulia papo hapo.

Kama unamfahamu aliyefanya, mtaje palepale. Mahakama ya Rufani imeshika msimamo kwa miaka mingi kwamba shahidi aliyemtaja mtuhumiwa mapema anaaminika zaidi. Ukimtaja wiki mbili baadaye, wakili wa utetezi ana swali lake tayari. Usipomjua jina, eleza umbo, mavazi, sauti, mwanga ulitoka wapi, mlikaa karibu kwa muda gani.

La pili linawakera wengi, na tunaelewa. Kusema "alinibaka" peke yake kwa kawaida hakutoshi. Na "alinifanyia kitendo kibaya" au "aliniharibu", mahakama huweza kuyakubali au kuyakataa kulingana na mazingira ya kesi. Salama zaidi ni kueleza kwa maneno ya wazi kwamba kulikuwa na kuingiliwa, hata kama ni kidogo, kwa kuwa sheria inaridhika na kidogo hicho, lakini haikubali kukisia. Tumekulia katika lugha yenye heshima, yenye tafsida kwa kila kitu cha mwilini, na tafsida hiyo imewatoa watu gerezani. Askari mzuri wa dawati atakuuliza taratibu mpaka litamkwe. Asiyejali ataandika "alimfanyia tendo la ndoa" kisha atafunga daftari. Omba usomewe maelezo yako kabla ya kusaini, na kilichokosewa kirekebishwe.

La tatu ni hati ya mashtaka. Majalada mengi ya ubakaji yanahusu watoto wa shule, kwa hiyo kipo kiolezo cha aliye chini ya miaka 18, ambapo ridhaa haiulizwi ila umri lazima uthibitishwe. Mwanafunzi wa chuo wa miaka 21 anahitaji aya nyingine, ile ya kukosekana kwa ridhaa. Kiolezo kikinakiliwa bila kufikiri, au tarehe ya tukio kwenye hati ikapishana na ile ya ushahidi, rufaa imeshapata pa kushikilia. Kwa wa miaka 17, na wapo vyuoni, cheti cha kuzaliwa kitafutwe siku hiyohiyo, au mzazi aje kuuthibitisha umri.

KATIKATI YA DAWATI NA HUKUMU: nyota 1

Hapa ndipo thelathini inapoyeyuka.

Kesi inatajwa, upelelezi haujakamilika, inaahirishwa. Inatajwa tena. Wakati huo kalenda ya chuo haimsubiri mtu: kuna mitihani, kuna mafunzo kwa vitendo Dodoma au Mwanza, kuna mahafali. Shahidi aliyekuwa chumba kimoja na mlalamikaji amebadili laini ya simu. Mlalamikaji mwenyewe amerudi kwao Singida, na nauli ya kuja Arusha kwa kesi itakayoahirishwa tena inauma. Mashahidi wasipofika mara kadhaa, upande wa mashtaka unaomba kuondoa shauri, au mahakama inalifuta. Kinachofaa ni rahisi na hakifanywi: mpe mpelelezi namba mbili za simu, ya kwako na ya mzazi au mlezi, pamoja na ratiba ya mitihani na mafunzo, na umwombe wakili wa Serikali usikilizwe mapema kabla hujahitimu. Ushahidi wako mwenyewe unaweza kutosha kumtia mtu hatiani mahakama ikikuamini. Mahakama ya Rufani imeshasema ushahidi bora wa makosa haya ni wa mwathirika. Kwa hiyo ukisikilizwa wewe, sehemu kubwa ya mzigo imeshushwa.

Halafu kuna kikao cha familia. Moshi wanaweza kufika mlangoni na jani la isale, mmea wa Wachaga wa kuombea msamaha, na kila Mchaga aliyelelewa nyumbani anajua uzito wa kumkataa aliyekuja na isale. Arusha huja wazee, mchungaji, wakati mwingine bahasha ya ada ya muhula. Kusamehe ni kwako. Kufuta kesi si kwako: ni kesi ya Jamhuri, na kubaka hakumo katika makosa madogo ambayo mahakama inahimiza watu wapatane. Shida ni kwamba mlalamikaji aliyekubali isale hafiki mahakamani, na Jamhuri bila shahidi inabaki na karatasi.

MAHAKAMA: nyota 3

Ushahidi wa makosa haya hutolewa faraghani, milango ikiwa imefungwa. Ukikuta watu wasiohusika wamekaa, mwambie wakili wa Serikali kabla hujaanza. Ndiyo maana huku hatusomi barua kama ya Miller magazetini, na kwa wengi hilo ni nafuu.

PF3 ina mitego miwili. Mshtakiwa lazima aambiwe ana haki ya kutaka daktari aitwe ahojiwe, na fomu ikishapokelewa kama kielelezo lazima isomwe kwa sauti. Kimoja kikirukwa, Mahakama ya Rufani huitoa kwenye kumbukumbu kana kwamba haikuwahi kuwepo. Daktari akiwa amefika na kueleza kwa mdomo, kesi hubaki hai. Kipimo cha vinasaba kinasaidia, lakini si sharti la kutia hatiani.

Fidia ni sehemu ya adhabu, na mahakama inatakiwa kuiamuru pamoja na kifungo. Husahaulika sana. Mkumbushe wakili wa Serikali, ukiwa na risiti za dawa, nauli na ada ya muhula uliopotea.

KOSA LA MWALIMU: nusu nyota

Mhadhiri anayetaka ngono ili atoe alama anaangukia kifungu cha 25 cha sheria ya rushwa ya 2007. Ilipopitishwa, adhabu iliyowekwa ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Hakuna sakafu: hakimu anaweza kutoza faini tu, na mtu akalipa akaondoka. Mkilinganisha na Stanford, linganisheni na hapa. Namba ya TAKUKURU ni 113, bure. Piga kabla ya kujibu ujumbe wake, na usifute chochote kwenye simu. Kwa unyanyasaji wa maneno na kushikwashikwa kuna kosa jingine, lakini lalamiko lake lina ukomo wa siku 60 tangu tukio. Anayengoja matokeo ya mtihani yatoke kwanza, siku zinamwishia.

ADHABU IKIWA NDOGO: nyota 2

Hakimu hapigiwi kura, kwa hiyo njia ya California haipo. Mlalamikaji mwenyewe hakati rufaa. Anayeweza ni Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye ana siku 30 tangu uamuzi kutoa notisi ya kusudio, na siku 45 kuwasilisha rufaa yenyewe, ukiondoa zile za kusubiri nakala. Mahakama Kuu inaweza pia kuliita jalada na kupandisha adhabu iliyo chini ya sheria, baada ya kumsikiliza mshtakiwa. Hivyo hasira zikipanda mtandaoni wiki ya sita, siku 30 zimeshapita. Wanaotaka kitu kifanyike waandike siku ileile kwenda ofisi ya mashtaka ya mkoa wakiwa na namba ya kesi, jina la mahakama, tarehe ya hukumu na kosa lililothibitishwa. Jina la mlalamikaji lisiandikwe popote hadharani, hata na wanaomtetea.