The Raven (2012): Poe kapewa muuaji asiyemhitaji

Tuliokulia kwenye vibanda vya video tuna kanuni moja: stelingi hafi. Filamu hii inaivunja mapema. Inafunguka na Edgar Allan Poe, mwandishi wa Marekani wa hadithi za kutisha, yuko hoi kwenye benchi la bustani, Baltimore, Oktoba 1849, halafu inarudi nyuma kutuonyesha alifikaje pale. (Ninataja mwisho, kwa hiyo kama hujaiona ishia hapa.)

Kuna mtu anaua watu kwa kufuatisha hadithi za Poe, na mpelelezi Fields anamwita Poe mwenyewe asaidie. John Cusack ndiye Poe. Anafoka mno, nusu saa ya kwanza nilipunguza sauti mara mbili. Mitaa yenye ukungu imependeza, ingawa walipiga picha Budapest na Belgrade.

Kilichonikosha ni lile panga kubwa linalobembea kumshukia Rufus Griswold, mhakiki aliyekuwa hasimu wa Poe. Griswold wa kweli aliishi hadi 1857, na Poe alipokufa tu akamwandikia taazia ya kumchafua, akijificha nyuma ya jina la Ludwig. Kwa hiyo alipopasuliwa nilicheka peke yangu sebuleni, kisha nikajishtukia.

Mapenzi ndiyo yameniangusha. Emily, mchumba wa Poe anayetekwa na muuaji, ni wa kubuni tu. Mwaka ule ule Poe wa kweli alikuwa Richmond akimposa Elmira Shelton, mjane aliyempenda tangu ujana wao. Mkasa wa bure kabisa, wakauacha!

Na mwisho je? Poe anameza sumu ili kumwokoa mchumba, na anapokaribia kukata roho analitaja jina "Reynolds", ambalo linageuka kuwa ufunguo wa kumnasa muuaji. Hapo nakiri wamecheza vizuri, maana inasimuliwa kwamba Poe aliliita jina hilo hospitalini na hadi leo hakuna anayejua Reynolds ni nani.

Lakini mimi nilikuwa nasubiri nguo. Poe wa kweli hakuokotwa bustanini. Alikutwa Oktoba 3 kwenye baa ya Gunner's Hall, hajitambui, amevaa nguo chakavu zisizo zake, akafa siku nne baadaye. Na siku aliyookotwa ilikuwa ya uchaguzi, na baa ile ile ilikuwa kituo cha kura. Baltimore ya wakati huo ilikuwa na magenge yaliyoteka watu, yakawalewesha, yakawabadilisha nguo na kuwapigisha kura kituo baada ya kituo. Wapo wanaoamini ndivyo alivyoponzwa, wengine wanasema pombe, wengine kichaa cha mbwa. Jamani, mwandishi wa hadithi za kutisha anaburutwa kwenda kupiga kura kwa majina ya watu wengine! Unakuwa na kisa kama hicho mkononi, halafu unakwenda kubuni muuaji ambaye ni mpanga herufi wa gazeti mwenye wazimu?

Nimeipa nyota mbili na nusu kati ya tano. Hiyo nusu ni ya Griswold.