Kiapo cha mama Kigoma: mhuri wa buku tano ulivyonitokea puani

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mama ana kiwanja Ujiji, karatasi za kununulia zimeandikwa Mwajuma ila kitambulisho cha taifa, NIDA, kikatoka Mwajabu, kwahiyo kilitakiwa kiapo cha jina kwamba hao wawili ni mtu mmoja. Mi nikaona kitu chenyewe kidogo tu, nikaingia stationari moja mjini, dogo akachapa, akavuta droo akatoa mhuri wa wakili, pah, buku tano. Wakili mwenyewe sikumwona hata kivuli. Mama alikuwa nyumbani anaanika dagaa, sahihi yake nikaipiga mimi. Ndio, mimi. Nikatoka nimejiona mjanja kweli.

Kule nilikoipeleka wakaitupia jicho mara moja wakanirudishia: jina la wakili hakuna, kuna sahihi ya kukoroga tu, na sehemu ya tarehe iko tupu.

Ndo nikaelekezwa kwa wakili mmoja Mwanga. Ofisi ya kawaida tu, benchi la mbao na feni inayozunguka kwa kujilazimisha. Swali la kwanza, mwenye kiapo yuko wapi? Nikamwambia kanituma. Akasema mlete, nitamwapisha akiwa amekaa kwenye hicho kiti. Nikanuna, nikajua huyu anataka hela tu.

Kesho yake nimemleta. Kopi ya kitambulisho aliiweka pembeni akataka orijino, akaangalia picha, akamwangalia mama, akamwomba asogeze mtandio kidogo, halafu akaanza kusoma namba. Kumbe namba ya NIDA inaanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, ya mama inaanza 1958 na kile kiapo cha stationari kinasema 1957! Akauliza, mama dini yako? "Mwislamu, mwanangu." Karatasi imeandika Mkristo, anaapa, wakati Mwislamu huwa anaandikiwa anathibitisha. Wale jamaa walichukua kiapo cha mtu mwingine wakabadilisha jina wakaacha mengine yote. Mama alicheka mpaka akatoa machozi, yaani nimebatizwa sina habari.

Iliyonichosha ni utambulisho. Pale chini ya kiapo wakili anatakiwa aandike kwamba mwapaji anamfahamu mwenyewe, au ametambulishwa kwake na mtu anayemfahamu. Mama hamjui. Kitambulisho kashakiona lakini akagoma kuandika "namfahamu" wakati ndo kwanza wameonana, ikabidi nimfuate mjomba anayeuza mawese sokoni, kumbe wakili ni mteja wake wa siku nyingi, akaacha madumu yake akaja na mikono ina mafuta. Saa nzima imeishia hapo.

Alipofika tukaandika upya. Mama herufi za Kiarabu anasoma vizuri ila hizi zetu kwa shida, basi akasomewa mstari kwa mstari, akiulizwa umeelewa, ndo akathibitisha na kusaini mwenyewe. Wakili akajaza jina lake, Kigoma, na tarehe ya siku ile ile. Nilimuuliza kwa nini anasumbuka hivyo, akanionyesha kifungu cha 8 cha sheria ya manotari na makamishna wa viapo, Sura ya 12, kwamba jina, mahali na tarehe viandikwe, tena kwa ukweli. Akasema wakili anayeacha mhuri kwenye droo ya mtu anaweza kujikuta Kamati ya Mawakili, kule wanakojibu mashtaka ya nidhamu, na mimi niliyesaini jina la mama nisijione nimepona. Hapo nikaangalia feni.

Bei elfu ishirini, ukiweka na bajaji mbili za Ujiji imeuma. Nampa nyota nne, moja nimeikata kwa sababu hiyo habari ya mtu wa kumtambulisha angeniambia siku ya kwanza. Kiapo kimepokelewa bila swali.

Kile cha stationari mama hataki kichanwe. Kakiweka kabatini, akija mgeni anakitoa anamwonyesha cheti chake cha ubatizo.