Uzoefu wangu: hoteli ya mbao Skellefteå, wakati wa baridi kali

Hoteli nyingi za zege nilizolala Ulaya wakati wa baridi zina tabia moja: hita inafanya kazi, hewa ya chumba ina joto, lakini ukikaa karibu na ukuta wa nje mwili unasisimka. Kwa hiyo nilipofika The Wood Hotel mjini Skellefteå, kaskazini mwa Uswidi, mwezi Januari, nje ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri, nilitaka kujua hilo kabla ya jingine lolote.

Hoteli imo ndani ya Sara Kulturhus, jengo la ghorofa 20 lililofunguliwa 2021. Vyumba ni masanduku ya mbao yaliyotengenezwa kiwandani na kupangwa moja juu ya jingine. Hata mashimo ya lifti ni ya mbao.

Nilipitisha kiganja kwenye kona ya dirisha, pale dari inapokutana na ukuta wa nje. Katika majengo mengi kona hiyo ndiyo hutoa jasho na kuota ukungu mweusi, kwa sababu zege au chuma kimetoka ndani moja kwa moja hadi nje na kinalibeba joto kulipeleka barabarani. Hapa palikuwa pakavu, na ubao haukuwa na ubaridi wowote. Mbao laini hupitisha joto chini ya sehemu moja ya kumi ya zege; chuma ndiyo usiseme, hupitisha mara mamia zaidi ya mbao. Nilishusha hita hadi nyuzi 19 na bado nikasoma bila sweta, kwani kuta zisipokuwa baridi, hewa haihitaji kupashwa sana. Kwa mwenye hoteli, hapo ndipo bili inaposhuka.

Hata hivyo mbao peke yake hazitoshi. Kwa baridi ile lazima ukuta uwe na tabaka nene la kuzuia joto lisitoke. Sifa ya mbao ni kutolifungulia joto njia ya kulipenya tabaka hilo. Tena mbao ni nyepesi, hazitunzi joto jingi kama zege, hivyo jengo lenye vioo vingi bila kivuli huchemka haraka kiangazi.

Kwa wenzetu wa Dar na Zanzibar wanaofikiria hoteli za mbao, wepesi huo ndio mtaji. Usiku wa pwani haupoi sana, na jua likizama ukuta wa mbao hauna joto jingi la kukurudishia ukiwa umelala, ilimradi kuna kivuli na upepo unapita. Mkandarasi ningemuuliza kwanza habari za mchwa na unyevu, bei baadaye.