Kitabu cha mapishi ya Moroko kilichonivunjia tajine

Sauti niliyoisikia haikuwa kubwa. Ilikuwa kama ya kijiti kikavu kinachokanyagwa, mara moja tu, kisha nikaona mchirizi wa mafuta ya manjano ukitoka chini ya chungu na kuteremka kwenye jiko la gesi, moto ukaruka juu na jiko zima likajaa moshi. Chungu hicho kilikuwa tajine, yaani chungu cha Kimoroko chenye kifuniko kirefu, ya udongo mtupu, isiyopakwa rangi wala kung'arishwa, ambayo shemeji yangu aliinunua Marrakech na kuipakata mapajani ndani ya ndege mpaka Mombasa kwa kuogopa isije ikavunjwa na wapakiaji mizigo. Iliniharibikia siku ya kwanza kuiweka motoni, naye shemeji ameketi sebuleni akisubiri chakula cha Ijumaa. Nilikuwa nimefuata kitabu neno kwa neno.

Kitabu chenyewe sitakitaja jina. Nilikinunua mwanzoni mwa mwaka, nikiwa na hamu kubwa, na fedha niliyotoa si ndogo kwa mtu anayepika nyumbani. Wanaotaka kujua kina kurasa ngapi na picha ngapi watayaona hayo dukani. Mimi nataka kuzungumzia mstari mmoja uliomo, na mstari mwingine ambao ungepaswa kuwamo na haumo.

Mstari uliomo ni huu: katika mapishi ya kuku wa malimau ya chumvi na zeituni, msomaji anaagizwa atie mafuta ndani ya tajine, aweke moto mkali, kisha avikaange vipande vya kuku humo humo mpaka vigeuke rangi. Nilifanya hivyo. Mafuta yalipopata moto sawasawa niliweka paja la kwanza la kuku, ambalo lilikuwa limetoka kwenye friji muda si mrefu, na chungu kikapasuka kutoka katikati mpaka ukingoni. Udongo haufanani na chuma. Sehemu inayoguswa na ndimi za gesi hutanuka haraka wakati sehemu nyingine bado ni baridi, na ukiongeza nyama yenye ubaridi wa friji juu ya hapo, chungu hakina njia ila kupasuka. Mwandishi wa kitabu cha tajine lazima awe analijua hilo kuliko mimi.

Mstari usiokuwamo ni kwamba tajine mpya ya udongo mtupu hulowekwa majini usiku kucha, huachwa ikauke, hupakwa mafuta ya zeituni ndani na nje, kisha hutiwa moto mdogo kwanza ili izoee. Na kwamba mwenye jiko la gesi anahitaji kuweka bati la kutawanya joto baina ya moto na chungu. Nimekipekua kitabu hicho tangu jalada mpaka jalada, mara tatu, kwa kidole, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Hakuna.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba nafasi ilikuwapo. Kuskusi, zile chembe ndogo za ngano, imepewa kurasa nyingi, na nakiri kwamba ni kurasa nzuri sana: jinsi ya kuinyunyizia maji na kuisugua kwa viganja ili chembe zisishikamane, jinsi ya kuipika kwa mvuke wa mchuzi unaochemka chini yake, kuimwaga kwenye sinia, kuisugua tena na kuirudisha kwenye mvuke, mara mbili au tatu. Mwandishi amepata hata nafasi ya kueleza kwamba mwaka 2020 UNESCO iliingiza kuskusi katika orodha ya urithi wa utamaduni kwa ombi la pamoja la Algeria, Mauritania, Moroko na Tunisia. Ni habari njema na niliisoma kwa furaha. Lakini aliyepata aya nzima ya UNESCO alikosaje mstari mmoja wa kumwambia mpishi aloweke chungu chake?

Tena alikuwa amenifanya nimwamini. Malimau ya chumvi ya Moroko si kitu cha kununua Marikiti, hivyo nililazimika kuyatengeneza mwenyewe kwa kufuata ukurasa wake: limau linakatwa mara nne bila kuachanishwa kitakoni, linashindiliwa chumvi, linabanwa kwenye chupa na wenzake mpaka maji yao yenyewe yawafunike, kisha linaachwa karibu mwezi mzima. Sisi wa Pwani tuna achari yetu ya ndimu, yenye pilipili na iliyoanikwa juani, na nilidhani najua kitakachotokea. Sikujua. Nilipoifungua chupa, ukali wa limau ulikuwa umekwisha kabisa, ganda limekuwa laini kama jamu, na harufu yake ilikuwa ya ua zaidi kuliko ya tunda. Unaosha chumvi, unatupa nyama ya ndani, unakata ganda vipande vyembamba. Kila alichokisema mwandishi kuhusu malimau hayo kilikuwa kweli tupu. Nilisubiri mwezi kwa neno lake, na siku ya kuyatumia akaniangusha kwenye chungu.

Shemeji alikuja jikoni, akautazama ule ufa, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Pole sana, shemeji. Lakini mimi kule sikuona mwali wa moto hata mara moja. Walikuwa na jiko dogo la udongo lenye makaa yaliyokwisha kuwa majivu kwa juu, na chungu kimekaa hapo tangu asubuhi." Hakunilaumu. Nilipomwonyesha ukurasa wa kitabu, alishangaa kusikia habari za kukaanga, kwa sababu wale aliowaona walipanga kila kitu kikiwa kibichi, vitunguu chini na kuku juu, wakafunika na kuacha mvuke upande kwenye kifuniko kile kirefu, upoe, na kurudi chini kuwa mchuzi. Hiyo ndiyo kazi ya kifuniko chenye umbo la pia. Ukishakaanga kwa moto mkali, unamwendesha kuku kwa njia ya kikaangio cha chuma, na kifuniko kinabaki pambo.

Siku ile tulikula wali na mchuzi wa juzi. Usiku niliandika malalamiko marefu kwa wachapishaji, nikaambiwa kwa sentensi mbili kwamba kitabu kimeandikwa kwa ajili ya "wapishi wenye uzoefu wa vyombo vyao." Jibu hilo limeniuma kuliko ufa wenyewe. Bibi yangu hakupata kuweka chungu kipya motoni kabla hakijalala majini, na mimi nimekua nikiliona hilo. Kwa hiyo yupo atakayesema nilipaswa kujua. Inawezekana. Lakini mtu hununua kitabu cha mapishi ya nchi nyingine kwa sababu amekubali kuwa mwanafunzi, na nilijiambia kwamba kama chombo hiki kingetaka kulowekwa, mwalimu wangu angesema.

Kwa wiki kadhaa kitabu kilikaa juu ya kabati na niliapa kumwambia kila mtu asikiguse. Kilichonirudisha ni ile chupa ya malimau. Sikuweza kuyatupa. Nilinunua kikaango cha udongo kwa akina mama wanaouza vyungu, nikakiloweka usiku kucha, nikakipaka mafuta, nikawasha seredani na kungoja makaa yavae majivu. Nilipanga vitunguu, juu yake kuku, kisha tangawizi kavu, manjano, pilipili manga, kitunguu saumu, kotmiri na zafarani iliyorowekwa kwenye maji ya moto, kwa vipimo vile vile vya kitabu, bila kuongeza bizari nyembamba wala nyanya ingawa mkono ulikuwa ukinisukuma. Maganda ya malimau na zeituni viliingia mwishoni. Sikukaanga chochote.

Naeleza nilichokipata kwa uaminifu: sijawahi kupika kuku mwenye ladha kama ile. Vitunguu viliyeyuka vyote, ukabaki mchuzi mzito wa rangi ya zafarani unaoshikilia mkate, na chumvi ya limau ilikuwa imeingia mpaka mfupani. Mwanangu, ambaye huchambua kila sahani kama daktari, aliufuta mchuzi kwa mkate mpaka sahani ikang'aa. Vipimo vya mwandishi ni sahihi, vyote, na mikono iliyovipata ni ya mtu aliyepika maisha yake yote. Ndiyo maana sasa siwezi kusema msinunue. Tangu hapo nimepika supu yake ya harira, nimepika samaki wake wa charmoula ya kotmiri, bizari na limau, na hakuna hata kimoja kilichonitia aibu.

Lakini nikisema mnunue, namfikiria mtu mwingine mwenye tajine aliyoletewa kwa upendo, anayefungua ukurasa ule ule kwenye jiko la gesi, na hasira inanipanda upya. Mstari mmoja tu ungetosha! Nimeuandika mwenyewe kwa kalamu, kwa herufi kubwa, juu ya mapishi ya kuku, na nimekata kwa mstari mnene maneno ya moto mkali. Anayetaka kukiazima kitabu changu ninampa kwa sharti asome pale kwanza. Atakayekinunua kipya na anakili maneno hayo kabla ya kuwasha jiko.

Kitako cha tajine nimekiweka kando, hakifai tena. Kifuniko kilisalimika, na kinakaa juu ya kikaango changu cha Mombasa kikiacha upenyo mdogo upande mmoja, ambao nauziba kwa unga uliokandwa, kama tufanyavyo kwenye biriani. Shemeji anakuja tena Ijumaa hii.